Barua kwa Baba Zainabu kuhusu waya wa karakana

Walukuba, Jinja

Ndugu yangu Baba Zainabu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, mama watoto anawasalimu nyote. Nimefurahi kusikia karakana imeezekwa na mashine ya randa imefika Arua salama. Lakini maneno yako ya mwisho, kwamba utavuta umeme kwa eksitensheni kutoka soketi ya sebuleni "kwa muda tu", ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Nami nilianza hivyohivyo. Kutoka nyumbani hadi kibanda changu ni mita 40. Nilinunua waya wa milimita za mraba 2.5, nikaupitisha juu ya nguzo za mkalitusi. Taa ikawaka, nikashukuru. Nilipowasha msumeno, mota ikanguruma bila kuzunguka. Mchana ilikubali kwa shida, jioni ikakataa kabisa. Wiki ya tatu ikatoa moshi, na mbao za mvule za mteja zikabaki nusu.

Fundi umeme aliyeniokoa alishika kalamu akanipigia hesabu. Waya wa 2.5 hupoteza takriban milivolti 18 kwa kila mita na kila ampea. Mota yangu ya kilowati 2.2 ikishazunguka hula ampea 13 hivi, kwa hiyo njiani zinapotea volti 9 tu, si neno. Ila inapoanza huvuta kama mara sita ya hapo, karibu ampea 80, na volti zaidi ya 55 huishia kwenye waya. Katika 240 unabaki na 185 hivi, na nguvu ya mota ya kuanza hushuka zaidi kuliko volti zenyewe, inabaki kama asilimia 60. Ongeza jioni, umeme wa mtaa unapolegea! Kwa waya wa milimita 10 mota ileile ikianza inapoteza volti 14. Bei yake iliniuma, lakini mota mpya iliniuma zaidi.

Basi kwako ni mita ngapi? Pima kwa utepe, na uhesabu pia waya unapopanda ukutani. Anzia kwenye boksi kuu la nyumba, karakana iwe na breka yake peke yake, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, kisha boksi dogo lenye swichi kuu ndani ya karakana, mlangoni, mahali mkono unapofika haraka.

Kebo nunua ile ya kufukiwa, iliyovikwa nyuzi za chuma. Mimi nilichimba sentimita 60, nikamwaga mchanga, nikalaza kebo, mchanga tena, halafu matofali juu yake kabla ya udongo. Shamba letu la mihogo liko palepale, na jembe halina macho.

Sasa hili ndilo ninalokuomba kuliko yote, ndugu yangu: waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Zamani zile za nguzo sikuwa nao. Kijana wangu wa kazi alishika chuma cha mashine akiwa pekupeku kwenye sakafu mbichi, akatupwa chini. Alipona, alhamdulillahi, lakini mpaka leo nikisikia mtu akipiga kelele karakanani moyo unaruka. Chomekeni fimbo ya ethi ardhini, lakini msiishie hapo. Udongo mara nyingi haupitishi umeme wa kutosha kuiangusha breka ya kawaida, kwa hiyo wekeni pia kile kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Na fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka ya Uganda inayosimamia umeme. Mwambie akuonyeshe, asikasirike. Upande wa meta ya umeme asiguse mtu.

Niandikie umbali, na kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, nikuulizie bei ya kebo hapa Jinja kabla sijapanda basi la kuja huko. Randa usiiwashe kwanza. Tutaiwasha pamoja.

Ndugu yako,
Baba Amina