Mwanangu, usinunue pistoni kabla hujaifungua ile moteri

Mwanangu Ilunga,

Ujumbe wako nimeusoma, na ule wa sauti tumeusikiliza pamoja na baba yako. Unasema Ijumaa unapanda basi, unavuka mpaka wa Kasumbalesa, unateremka hadi Johannesburg kununua pistoni na shemizi (ile mirija ambamo pistoni hutembea) za ile moteri uliyoikuta Likasi. Unasema mteja amekwisha kukukabidhi pesa. Unasema ni moteri ya Peugeot 403, hakuna shaka, kwa sababu umepima mwendo wa pistoni ukapata milimita 73.

Usinunue. Bado hujaijua.

Niliposikia umepima, moyo wangu ulifurahi. Vijana wengi wa garaji wangeshika neno la muuzaji wakaenda nalo. Wewe ulichukua kipimo, na hilo nimewaambia majirani wote wa sokoni, hata yule muuza betri ambaye hakuuliza. Lakini baba, 73 si ya 403 peke yake. Peugeot walipotoa 203, mwaka 1948, kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 75 na mwendo 73. Piga hesabu kwa silinda nne, utapata sentimita za ujazo 1290. Mwaka 1955 ikaja 403: walipanua silinda hadi 80, mwendo wakauacha pale pale, ikawa 1468. Mwaka 1960 ikaja 404: silinda 84, mwendo 73, ikawa 1618. Ni 504 ndiyo iliyobadilisha mwendo ukawa 81, kwa hiyo hiyo unaweza kuitoa kwenye hesabu. Hizo tatu nyingine bado zote zimesimama mbele yako. Umeupata ukoo, hujampata mtu.

Na usiniambie kwamba muuzaji aliitoa kwenye 403 kwa mikono yake. Hata kama ni kweli, haitoshi. Peugeot wenyewe waliwahi kuuza 403 ya bei nafuu waliyoitia moteri ya 203, ile ya 1290. Halafu wakauza 404 ndogo yenye moteri ya 403. Hayo yalifanyika kiwandani, kabla gari halijafika Afrika. Sasa weka juu yake miaka yote ambayo mafundi wa Katanga wamekuwa wakihamisha moteri kutoka gari hili kwenda lile ili watu wafike kazini. Bodi ya gari haiwezi kukushuhudia moteri, na muuzaji ndiyo kabisa.

Kuna kitu kwenye picha yako ya tatu kinachoninyima usingizi. Moteri ya 404 ililazwa digrii 45 ndani ya gari, ili boneti liweze kushuka chini. Kwa hiyo bakuli lake la oili halikai sambamba na silinda kama kwenye moteri iliyosimama wima. Katika picha naona kama bakuli limekaa upande. Siwezi kuapa, kwa sababu umeiegemeza juu ya tairi na umepiga picha kutoka juu, tena upande wenye kivuli. Iinue kwa mnyororo. Weka bakuli la oili sawa na ardhi, kisha utazame silinda zinaelekea wapi, na masikio ya kufungia yako wapi. Zikiwa zimelala, basi hiyo si ya 403, na pistoni za 80 utakazozibeba kutoka Johannesburg huenda zikacheza ndani ya silinda za 84 mbele ya mteja wako.

Tena hiyo 73 yenyewe umeipata kwa waya kupitia tundu la buji, yaani plagi, sivyo? Waya ukiingia mshazari unadanganya. Safari hii naamini namba yako kwa sababu inalingana na kitu ninachokijua. Usiizoee njia hiyo.

Fungua kifuniko cha juu. Najua unaogopa kuharibu gasketi ambayo hatuna nyingine, lakini gasketi ni hasara ndogo. Ukishafungua, pima kipenyo juu kabisa kwenye ukingo, mahali ambapo ringi za pistoni hazifiki, kwa maana hapo chuma hakijaliwa. Ukipima chini kidogo ya hapo, ndipo palipolika zaidi, utapata namba isiyokuwa ya mtu yeyote. Pima pande mbili, kwa urefu wa moteri na kwa upana wake. Fanya hivyo silinda zote nne, usiridhike na moja. Na kabla ya kuzungusha chochote, zibane shemizi kwa boliti na washa kubwa. Hizo ni shemizi zinazozungukwa na maji. Ukizungusha moteri huku kifuniko kimetoka zinanyanyuka, ule muhuri wa chini unaharibika, na maji yanapata njia ya kuingia kwenye oili. Muuzaji akiamua kukurudishia pesa na kuchukua moteri yake, atataka aikute kama alivyokupa.

Ukipata 75, 80 au 84, umemaliza. Ukipata namba nyingine, usiilazimishe iwe mojawapo ya hizo. Unamkumbuka yule kijana wa Ruashi aliyekuja na moteri akisema ni Chevrolet. Wewe ulikuwa umekwenda shule siku tuliyoipima. Ilitoka 79.4 kwa mwendo wa 111. Mzungu wa Ufaransa hachori silinda ya 79.4. Hiyo ni inchi tatu na sehemu moja ya nane, na mwendo inchi nne na sehemu tatu za nane: ni Jeep ya Willys, ile ya vita, inchi za ujazo 134. Valvu zake zilikuwa ubavuni, ndani ya bloki, wakati Chevrolet za silinda sita zina valvu juu tangu 1929. Kijana alikuwa ameshahesabu pesa mkononi kununua ringi za Chevrolet. Namba ya milimita isiyo kamili ikigeuka kuwa inchi safi, mchoraji alikuwa Mmarekani au Mwingereza. Funguo za boliti nazo husema hivyo hivyo, ingawa ujihadhari na ya 19, kwa kuwa inakamata kichwa cha boliti cha robo tatu ya inchi bila kulalamika, ukadhani ni ya milimita.

Sasa namba. Umeniandikia namba moja na kusema ndiyo namba ya moteri. Imeinuka juu ya chuma au imezama ndani? Kama imeinuka, ilizaliwa na kalibu pale kiwandani, na mabloki mengi mno yametoka na namba hiyo hiyo. Inakusaidia kujua umbo la bloki, basi. Ile iliyogongwa kwa chuma, iliyozama, ndiyo ya moteri hii moja, na mara nyingi huwekwa mahali bapa palipolainishwa. Izunguke yote. Tumia petroli ya taa na brashi, usimruhusu mtu alete mashine ya kusaga wala msasa mkali, kwa sababu namba iliyofutwa hairudi. Ukiiona, paka chaki kisha futa juu kwa kiganja, chaki itabaki ndani ya herufi. Mulika tochi kutoka pembeni ndipo upige picha. Na weka rula kando, Ilunga. Umenitumia picha nyingi na hakuna hata moja yenye rula. Nilikufundisha hivyo ukiwa bado huwezi kuinua pistoni kwa mkono mmoja.

Baba yako anasema nakukaripia kama bado unakaa hapa nyumbani. Anasema ndiyo sababu humpigii mama yako simu, unatuma sauti. Sijamjibu. Wewe ndiwe unayejua.

Najua kwa nini una haraka. Mteja anataka gari litembee kabla ya mvua, kodi ya garaji inakusubiri, na hapa nyumbani tunakutegemea kwa pesa ya masomo ya dada yako, jambo ambalo labda tungelisema kwa sauti ndogo zaidi mwezi uliopita. Lakini pesa hiyo ni ya mtu. Umeiandikia karatasi na kutia sahihi. Pistoni ikishavuka mipaka miwili mitatu hairudi dukani, hata ukiwa na risiti. Utaiweka juu ya rafu na kuitazama kila asubuhi, na mteja naye atakuwa akikutazama wewe. Kama mteja anasukuma, mwambie nimesema mimi asubiri. Mpe namba yangu ya simu. Nitamweleza hizo 75, 80 na 84 mpaka aelewe.

Usinunue kitu kabla hujanitumia vipenyo vinne na picha ya bakuli. Basi la Ijumaa likuache, la Jumatatu lipo. Na kama vipimo vitakuwa vimekamilika, nenda kwa baraka zangu, lakini nenda na pistoni moja ya zamani ndani ya mfuko. Iweke juu ya meza ya muuzaji kando ya ile mpya, pima mbele yake, pima na pini yake, pima na umbali kutoka kwenye pini mpaka kichwani. Ukilipa umeshapima, hakuna atakayekuita mtoto.

Dola za mteja zitazame moja moja. Zenye kupasuka hata kidogo hazitapokelewa hapa, na sitaki uanze kubembeleza watu mpakani.

Hapa tuko salama. Goti la baba yako limepungua kuvimba, amerudi kutembea mpaka Kamalondo kucheza dama na wenzake. Dada yako anajiandaa kwa Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anasoma kwa taa ya simu kwa sababu umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya jua. Makaa yamepanda bei tena. Unga wa mahindi tuliopata safari hii ni mweupe lakini bukari yake, yaani ugali, haishikani. Shangazi yako anasema wamechanganya. Ukipita sokoni Likasi na kuona unga mzuri, chukua gunia moja, nitakurudishia. Bati la pale juu ya depo limeng'oka upande wa choo, na mabloki ya kina Toyota nimeyafunika kwa tente ya zamani. Nataka kuyahamisha kabla mvua haijaanza, ila ufunguo wa mlango wa nyuma ulibaki kwenye ule mnyororo wako wa funguo. Mpe dereva yeyote wa basi la Lubumbashi unayemwamini, umwambie auache kwa mama wa betri, kwa sababu Jumamosi nitakuwa kwenye matanga Katuba na dukani hakutakuwa na mtu.

Mama yako