Wanangu wa kundi la vitabu, hebu tuongee kidogo

Wanangu, salaam. Najua mmezoea kuniona kimya nasoma tu mnayoandika, ila tangu wiki iliyopita roho imenichafuka na nisipoyasema haya yatanikaa kooni.

Kuna kijana mgeni kaingia kwenye kundi, kauliza swali zuri kabisa: wakuu, mimi sijashika kitabu tangu nimalize kidato cha nne, nianzie wapi? Sasa angalieni tulichomfanyia. Mmoja kamrushia pidiefu, wa pili kamrushia nyingine, wa tatu kamwaga furushi zima, nusu yake vitabu vya Kiingereza vya namna ya kutajirika, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia mstari kumwambia hiki kinahusu nini na kwa nini yeye akisome. Kijana akasema asanteni sana, toka siku hiyo kimya. Simlaumu. Ni kama mgonjwa kaja na homa, ukamfungulia mlango wa duka la dawa ukamwambia haya chagua, halafu jioni unajisifu umemtibu.

Mimi nimekaa kaunta ya maktaba mpaka nimestaafu, na nawaambia kwa uhakika, mtu asiyesoma usimuulize anapenda kusoma nini. Hajui, na kwa kuogopa kuonekana mshamba atakutajia kitabu kikubwa ambacho hata kukifungua hatakifungua. Muulize anafanya kazi gani, kitu gani kinamkera nyumbani, hadithi ya namna gani akiisikia kwenye daladala anapitiliza kituo. Hapo ndio unaanza kuwaza kitabu.

Alikuja baba mmoja, mbeba mizigo wa bandarini, kamleta mwanae afanye kazi ya shule, yeye kakaa kwenye benchi anapiga miayo anasubiri. Nikamwendea na Kuli ya Shafi Adam Shafi, nikamwambia humu kuna wenzio, wapagazi wa bandari ya Unguja, na mgomo wao wa mwaka 1948. Basi, sikuongeza neno. Sikumwambia ni fasihi bora wala sikumwambia kinasomwa mashuleni, maana hiyo ingemkimbiza. Akaanza, kidole kinafuata mstari, midomo inatembea taratibu, mara kidole kinasimama, anarudi juu anasoma tena. Mtoto kamaliza, kamwambia baba twende, baba kasema subiri kidogo. Akakiazima. Alipokirudisha alikuwa amekifunika kwa gazeti kisichafuke, na wala hakuniambia "kitabu kizuri", aliniuliza hivi: huyu aliyeandika, yeye mwenyewe aliwahi kubeba gunia? Tukabishana pale muda mrefu. Na safari iliyofuata hakuja peke yake, kaja na mwenzie wa kazini, na aliyemweleza kile kitabu ni yeye, mimi nilisikiliza tu, na alikieleza vizuri kuliko nilivyokieleza mimi.

Sasa ndio maana naumia nikiona mtu kaweka picha ya kava, pembeni kikombe cha kahawa, chini kaandika "nasoma hiki, bonge la kitabu", ukimuuliza ukurasa wa ngapi anakutumia kikatuni cha kucheka. Mwanangu, tuambie umefika wapi, nani kakuudhi humo ndani, sentensi gani umeirudia. Hata ukisema kimenichosha, nimekiacha katikati, umetusaidia.

La pili linaniuma zaidi. Yule binti alisema anasoma riwaya za zamani za kijasusi za Elvis Musiba, zile za Willy Gamba, mkamcheka. Mmoja akaandika eti hivyo ni vya kupotezea muda kwenye basi. Binti hakujibu, na wiki ya pili hii hajaandika neno. Jamani, mnajua ni watu wangapi walizoea kusoma kwa ajili ya hizo riwaya? Nakala moja ilikuwa inazunguka mtaa mzima mpaka kava linatoka, kurasa za mwisho zinapotea, unamfuata aliyekutangulia akusimulie iliishaje. Waliozoea kusoma kwa Musiba na kwa Ben Mtobwa ndio haohao waliokuja maktaba baadaye kumuulizia Euphrase Kezilahabi, yule wa riwaya nzito. Na huyo Kezilahabi mnayemuweka juu, Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni, wakubwa wakaona haifai, halafu ikaja kurudi mashuleni hukohuko ikawa ya kutahiniwa. Kwa hiyo wewe unayepanga leo kitabu kipi kina heshima na kipi hakina, nenda taratibu.

Ila sio ninyi tu. Tumewakuza hivyo. Shuleni riwaya inafunguliwa kwa sababu ya mtihani, jadili dhamira, taja wahusika, ukishajaza karatasi kitabu kinauzwa au kinafungiwa maandazi. Nyumbani mtoto akikaa na kitabu mchana tunamwambia hana kazi, ainuke akachote maji. Mchango wa harusi tunatoa laki na kadi tunaipiga picha, lakini riwaya ya elfu kumi na tano tunasema ghali, tutumieni pidiefu. Huyo mwandishi wa Kiswahili anakula nini? Mchapishaji atatoa kingine kwa hela gani? Wale wauza mtumba wanaopanga vitabu chini pale Posta wanauza kwa bei ya chipsi, nendeni. Na pidiefu ya kitabu ambacho mwenyewe bado anakiuza, kwenye kundi hili naomba tusiirushe tena.

Mengine nayataja tu. Kitabu cha kuazima kirudishwe bila kukumbushwa. Usimwage mwisho wa hadithi. Mtu akikuambia kitabu kimemgusa vibaya usimlazimishe kukimaliza. Anayesikiliza kitabu cha sauti naye anasoma, msimbague.

Na wala hamna haja ya kwenda mbali. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021 mliposti hongera mpaka simu zikachemka. Niliuliza mwezi ule nani kamsoma, wakajitokeza wachache mno. Sasa riwaya yake ya Paradise ipo kwa Kiswahili toka mwaka 2022, inaitwa Peponi, kaitafsiri Ida Hadjivayanis, wametoa Mkuki na Nyota, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kigumu hamna tena.

Ndicho ninachosoma mimi sasa. Yusuf, mtoto mdogo, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami, kumbe sio ami yake, katolewa kwa deni la baba yake. Nimefika kwenye msafara wa kwenda bara na nasoma polepole makusudi, nina hasira na yule baba na nataka mtu wa kugombana naye. Anayetaka kuanza anifuate inbox, nikiimaliza nakala yangu namuazima. Yule kijana wa kidato cha nne nitampigia mwenyewe kesho nimuulize anafanya kazi gani. Yule binti mpigieni ninyi mliomcheka, na mkimpigia mwambieni mama anauliza Willy Gamba kafika wapi.