Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Filamu Haijifundishi Yenyewe

Ndugu wanachama,

Mwaka jana sisi walimu wa biashara tulikubaliana kuingiza filamu za makala za televisheni na masomo ya mtandaoni katika kufundisha biashara. Nakiri kwamba miezi ya mwanzo tulikuwa tunajazia vipindi tu. Mimi mwenyewe niliwawekea wanafunzi filamu nzima kuhusu kuanguka kwa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nikakaa nyuma ya darasa kama mtazamaji mwenzao. Wiki iliyofuata walikumbuka majivuno ya wakurugenzi. Namna madeni yalivyofichwa kwenye kampuni za pembeni hadi ikafilisika Desemba 2001, hakuna aliyeweza kuieleza.

Kikao cha katikati ya mwaka ndicho kilichotuzindua. Mwenzetu mmoja alileta vipande viwili kuhusu tamasha la muziki la Fyre, lile la mwaka 2017 huko Bahamas, lililonadiwa kwa picha za wanamitindo ufukweni, kisha wageni wakafikia kwenye mahema ya aina wanayopewa waathirika wa majanga. Vipande hivyo vilitoka kwenye filamu mbili zilizotolewa juma moja, Januari 2019. Kabla ya kuwasha projekta alituuliza: nani yuko nyuma ya kila filamu? Ile ya Netflix, huduma ya filamu mtandaoni, ilitayarishwa kwa ushirikiano na kampuni iliyolitangaza tamasha lenyewe. Ile ya Hulu, huduma nyingine kama hiyo, ilimlipa mwandaaji wa tamasha ili ahojiwe. Tukajikuta tunafundishana mgongano wa maslahi tukidhani tumekuja kwa somo la masoko.

Akatuuliza tena: fedha za tiketi zilizokwisha kuuzwa, tamasha bado, ni mapato au ni deni? Walimu wazima tulibishana! Ni deni, na mahali pake kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, ni upande wa madeni mpaka huduma itolewe. Wanafunzi wengi huona fedha benki wakadhani ni faida, na sijapata mfano unaowazindua haraka kuliko huo.

Tangu hapo wengi wetu tunaonyesha dakika chache tu. Swali linatangulia, na filamu inasimamishwa kabla ya uamuzi ili darasa liamue kwanza. Baadaye tunafungua hesabu zenyewe, maana filamu husimulia vizuri lakini ni bahili wa tarakimu. Kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani, ripoti za mwaka zinapatikana bure kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya mamlaka inayosimamia masoko hayo. Tahadhari moja: kamera hupenda aliyetajirika ghafla au aliyeanguka kwa kishindo. Duka linalojiendesha kimyakimya miaka ishirini halina filamu, na huko ndiko wanafunzi wetu wengi watakakofanya kazi.

Kuhusu hakimiliki nitasema kwa ufupi. Kuonekana bure mtandaoni si ruhusa ya kunakili. Masomo huria ya mtandaoni ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, yanaruhusu kunakiliwa kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, chanzo kikitajwa. Mwenye kituo cha kulipia asome leseni kabla ya kupakua.

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Deni letu ni mkusanyo wa maswali tulioahidi, ambao haujakamilika, na viungo kadhaa tulivyogawa havifunguki tena. Kwa kikao kijacho, kila mmoja aje na kipande kimoja, dakika kinapoanzia na kinapoishia, na swali lake.

Mwenyekiti