Del Bosque hakubebwa na wachezaji

Mhariri,

Kila mjadala wa makocha bora wa Hispania unapopamba moto, kama kwenye orodha mliyoichapisha, majina ni yaleyale: Guardiola, Luis Enrique, Arteta. Ukimtaja Vicente del Bosque, kocha aliyeipa Hispania Kombe la Dunia 2010, hakosi mtu wa kusema yule alibebwa na wachezaji; eti kikosi kile hata kondakta wa daladala angekipa ubingwa.

Basi kondakta huyo alihitajika Real Madrid mwaka 2003. Del Bosque, kiungo aliyetwaa ligi mara 5 akiichezea klabu hiyo, alikwisha kuipa Ligi ya Mabingwa 2 na La Liga 2 akiwa kocha. Siku moja tu baada ya ubingwa ule wa pili wa ligi, wakamfungashia virago. Zidane, Ronaldo, Figo na Raúl walibaki, Beckham akaongezwa, Makélélé akauzwa Chelsea. Msimu uliofuata wakamaliza nafasi ya nne. Mbona hao wabebaji hawakumbeba aliyefuata?

Tarehe 16 Juni 2010 nilikuwa kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la mbao, Uswisi inaifunga Hispania ya Del Bosque 1-0 kwenye Kombe la Dunia kule Durban, Afrika Kusini. Jamaa mmoja alisimama mbele ya runinga akatuzibia, vidole viwili juu: viungo wakabaji wawili, Busquets na Xabi Alonso, wa nini? Hata kwao Hispania waliuliza hivyohivyo. Del Bosque hakuwagusa. Wote wawili walianza fainali pale uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Kuanzia mtoano, Ureno, Paraguay, Ujerumani na Uholanzi zote zililala 1-0. Nakiri mechi zile hazikuwa tamu kwa macho, ile ya Ureno nilisinzia. Lakini goli la kuwafunga halikupatikana.

Kisha zikaja zile vurugu za Madrid na Barcelona, enzi za Mourinho akiwa kocha wa Madrid, wachezaji wa timu moja ya taifa hawaelewani. Del Bosque aliwaweka kambini pamoja, na mwaka 2012 wakaichapa Italia 4-0 kwenye fainali ya Euro. Kombe la Dunia, Euro na Ligi ya Mabingwa, kocha mwenye yote matatu ni yeye peke yake.

Kosa lake ni kuwang'ang'ania wakongwe hadi Brazil 2014, Uholanzi ikawatandika 5-1. Hilo simtetei.

Mkipanga orodha nyingine, mwandishi wenu aanzie msimu wa 2003/04, kisha aniambie nani alimbeba nani.

Msomaji wako,
Tanga