Umeniuliza Nashinda Nikifanya Nini

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Umenichokoza: kama Mwingereza Frederick Forsyth aliandika The Day of the Jackal, riwaya ya muuaji wa kukodiwa anayetumwa kumuua Rais de Gaulle wa Ufaransa, kwa siku 35 tu, mbona mimi mwaka unakatika na riwaya haijaisha? Ni kweli, alianza Januari 1970. Lakini usisahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya sitini alikuwa Paris kama mwanahabari wa Reuters, wakati de Gaulle mwenyewe akiwindwa na wanamgambo wa OAS, kundi la siri la Wafaransa waliopinga uhuru wa Algeria. Zile siku 35 zilikuwa za kupiga taipu. Mengine alikuwa nayo kichwani. Tena wasomaji walijua fika kwamba de Gaulle hakuuawa, na bado walikesha na kitabu hicho. Ndiyo maana siamini kabisa kwamba taharuki ni kumficha msomaji mwisho.

Mimi huamka alfajiri, simu naiacha chumba kingine. Nasoma kurasa za jana, nakatakata, ndipo naendelea. Maneno elfu moja yakitimia nasimama, hata kama hadithi imeshika kasi, maana kesho nataka nianzie mahali penye moto. Mchana ni wa kusoma na kuulizauliza: kufuli, sumu, taratibu za polisi.

Kazi yenyewe hasa iko ukutani. Nimebandika karatasi ndefu: juu saa, kando majina ya wahusika, na katika kila kisanduku jibu la swali moja, huyu kwa saa hii anajua nini? Juzi nilikuwa na mwanamke anayepanda gari usiku. Msomaji anajua dereva ndiye muuaji, yeye hajui. Mwanzo dereva alitoa bastola. Nikaiondoa, ilikuwa na kelele nyingi mno. Sasa anamuuliza tu, kwa upole, “Mtoto ameshalala?” Naye hajawahi kumwambia kwamba ana mtoto.

Sentensi hiyo moja ilinila siku nzima. Ilibidi nirudi nyuma kuhakikisha hakuna aliyemtajia dereva habari za mtoto, na kweli, katika sura ya nne jirani alikuwa ameropoka mbele yake. Jirani nimemfunga mdomo.

Wapo wasiohitaji ukuta. Lee Child, yule mwandishi wa riwaya za Jack Reacher, alizoea kuanza kila riwaya tarehe 1 Septemba bila mpango wowote, akijionea mbele kwa mbele. Namhusudu, ila mimi bila kuujua mwisho hata sentensi ya kwanza haitoki.

Mswada unakwenda kwa mhariri hivi karibuni, naye hana huruma. Kabla yake nakutumia sura tatu za mwanzo. Usinisifie, tafadhali. Niandikie tu ni ukurasa gani ulipoanza kuchungulia simu yako, na usimsimulie mama habari za yule dereva, maana atanipigia usiku wa manane kuuliza kama yule mwanamke wa garini alipona.

Wako,
Kaka yako