Wauza spea waturuhusu kupima kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wauza spea wa Unguja na Pemba jambo moja: wamruhusu fundi afungue boksi na kupima kilichomo kabla mteja hajalipa.

Nina Toyota Hiace ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 2L, inayobeba abiria baina ya Chake Chake na Konde. Ilipoanza kula oili tuliifungua, tukakuta krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imelika, nikaipeleka Unguja kwa boti ikachongwa milimita 0.25, kisha nikanunua beringi, yaani vipande vinavyoishika krenki inapozunguka, ambazo boksi lake liliandikwa 0.25. Siku ya kuwasha, taa ya oili ilikawia kuzima na injini ikagonga. Fundi alipofungua tena aligeuza beringi moja, akaipangusa mgongoni kwa kitambaa, na hapo tukaona herufi STD, yaani saizi ya krenki ambayo haijapata kuchongwa. Nafasi ya oili kati ya beringi na krenki hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, nasi tulikuwa tumeiongezea robo milimita nzima. Krenki ilirudi Unguja kuchongwa upya hadi 0.50.

Gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku, inahitaji uangalifu huo huo. Za injini hii zina unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Anayepokea yoyote iliyopo dukani anabahatisha.

Sisemi kila kitu kiwe ndani ya boksi la Toyota. Beringi za Taiho na ringi za pistoni za NPR, zote za Japani, ni nzuri, ila majina yenye sifa ndiyo yanayoigwa zaidi. Kwa maoni yangu, krenki kongwe ya asili iliyopimwa ikakubali ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Mkanda wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, hata hivyo, usirudishwe wa zamani, kwa sababu ukikatika valvu hugongana na pistoni na kazi yote huanza upya.

Nawaomba pia wauzaji waandike kwenye risiti jina la mtengenezaji, saizi na aina ya injini, na wakubali kurudishiwa spea ambayo haijafungwa iwapo kilichomo hakilingani na maandishi ya boksi.

Mwenye gari la abiria,
Chake Chake, Pemba