Vipimo vyote safi, mke wangu bado anauliza ninalala wapi

Anti, habari za kazi. Najua wengi wanaokuandikia ni akina mama na vijana walioachwa, na mwanaume wa miaka 44 mwenye watoto wa sekondari akikuletea habari za choo na mkojo ataonekana kituko. Lakini saa hizi inakaribia kumi alfajiri, nimekwenda kukojoa hadi nimeacha kuhesabu, na kila nikirudi kitandani nasikia bado umebaki. Nimeona heri nikae sebuleni niandike. Mke wangu amelala na watoto. Siku hizi ndiko anakolala.

Nianze na alichosema, maana ndicho kinachoninyima usingizi kuliko hata huo mkojo. Tulikuwa mbele ya nesi, na dada yake yupo, katusindikiza. Nesi akauliza tatizo limeanza lini. Sijafungua mdomo, mke wangu akadakia, "Muulizeni huko Mbeya analala wapi." Nesi akacheka. Shemeji akatazama chini. Mimi nikanyamaza kwa sababu pale hapakuwa mahali pa kugombana, na kule kunyamaza ndiko kumekuwa ushahidi dhidi yangu mpaka leo.

Naendesha basi, Dar kwenda Mbeya. Nikifika nalala, kisha nageuza. Gesti ni ileile ya jirani na stendi, chumba kimoja na dereva mwenzangu, vitanda viwili, na mwenzangu yupo, ana simu, aulizwe. Nilimwambia mke wangu ampigie. Akajibu madereva mnalindana. Sasa Anti, mtu wa namna hiyo unamjibu nini?

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Maumivu chini ya kitovu, yanashuka kinenani, yanakwenda kukaa pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa, hasa nikikaa muda mrefu, na kazi yangu ni kukaa. Tumbo linajaa gesi mpaka mkanda nalegeza. Wiki hii choo cha mbuzi, wiki ijayo naharisha, nikishatoka chooni maumivu yanatulia kidogo halafu yanarudi. Mkojo unakuja kwa kukatikakatika, nikidhani nimemaliza unadondoka kwenye suruali. Na lile jambo la ndani, samahani, nikimaliza tu napata maumivu mpaka kesho yake, kwa hiyo nimekuwa naliepuka. Yeye hilo la kuepuka ndilo alilolishika. Anasema mwenye njaa hakatai chakula ila kama ameshakula kwingine.

Barabarani ndiyo aibu. Zamani dereva ndiye anayesema hapa tunachimba dawa, dakika tano, abiria wanashuka. Sasa nachimba mimi mara kwa mara na abiria wanabaki wamekaa wananitazama kwenye vioo. Pale hifadhi ya Mikumi ni kilomita kama 50 na huwezi kushuka hovyo, mule kuna tembo na simba. Nikikaribia lango naanza kutokwa jasho. Nikajifunza kutokunywa maji kuanzia asubuhi, na choo nakibana mpaka nifike. Madereva wote tunafanya hivyo, si mimi peke yangu, kama unakaa mjini usinihukumu. Tajiri, mwenye basi, ameshauliza kwa nini gari langu linachelewa Iringa.

Nilianzia zahanati. Wakapima mkojo, wakasema U.T.I., nikapewa sipro, dawa ya kuua wadudu. Nikapata nafuu siku chache, ikarudi. Nikapewa doksi na nyingine tena, na hapo ndipo mtaalamu yule akasema, "Mlete na mwenzako naye atumie." Mke wangu si mjinga, amezaa watoto wake kliniki, anajua wakikuita na mwenzako maana yake nini. Akameza dawa huku analia. Kuanzia siku ile ndani ya nyumba yangu hakuna U.T.I., kuna kisonono. Nimepima kisonono, kaswende, virusi, yote hakuna, yeye naye hakuna. Nimemwekea karatasi mezani. Akasema dawa si tulikunywa, vitapatikanaje?

Nikaendelea kumeza sipro, safari hii ya dukani, mpaka nikawa nasikia maumivu nyuma ya visigino nikikanyaga klachi. Baadaye sana daktari aliponiuliza akaniambia dawa ile inaweza kuumiza kano, nisiiguse tena bila kuandikiwa.

Hospitali kubwa nako ni hadithi. Daktari wa njia ya mkojo kaangalia tezi dume kwa kidole (sikufurahia, lakini ni dakika moja, wanaume wenzangu waache kukimbia), kapima na damu, altrasaundi, kasema tezi yako haina shida, hilo la tumbo kamwone mtu wa tumbo. Mtu wa tumbo kaingiza kamera ya juu, kapima choo, hakuna vidonda wala wale wadudu wa vidonda, kasema mkojo si wangu rudi kule. Mkojo wakauotesha, hakuna kilichoota. Kila mmoja ameshika kipande chake. Mimi natoka na vipande vyote viwili narudi navyo nyumbani, na nyumbani swali ni lilelile, analala wapi.

Upande wa kwetu wao wana jina, ngiri. Mama yangu kanipigia kutoka Sengerema anasema hata marehemu baba alikuwa na mshipa, kuna mzee anatoa dawa, mizizi, unachemsha. Stendi nako mabango yamejaa, ngiri, bawasiri, chango, nguvu za kiume, namba ya simu ni moja. Sijaenda. Sisemi sitakwenda. Daktari kasema ngiri ya kweli ni utumbo kutokeza kwenye kinena, inaonekana na inashikika, na mimi sina.

Sasa huyu daktari ndiye kanichanganya. Ni kijana, kanisikiliza muda mrefu kuliko wote. Aliuliza kama nimewahi kukojoa damu, kama choo kina damu, kama nimekonda, homa, kama ukoo una saratani ya utumbo. Yote hapana. Aliposikia nimekulia ziwani akanipima kichocho na kunipa dawa yake, prazikwanteli, hata hivyo. Halafu akasema hivi: kibofu, utumbo mpana wa chini na tezi dume vinapeleka taarifa kwa mishipa ya fahamu inayoingia sehemu moja ya uti wa mgongo, kimoja kikilalamika muda mrefu na vingine vinaamka. Na sakafu ya nyonga, ile misuli iliyobeba vyote hivyo, yangu imekaza kwa miaka ya kubana na kukaa. Akasema wanaume wengi wanaoambiwa wana tezi iliyovimba ya kudumu hawana mdudu yeyote, ndiyo maana dawa za kuua wadudu haziwasaidii. Akasema nina matatizo mawili yanayoongozana, la nyonga na la utumbo unaosumbuka bila kidonda, nayo hayaui. Hayaui! Nilikasirika kidogo. Nikamwuliza, basi naumwa nini? Akasema unaumwa kweli, ila si kitu cha kuonekana kwenye picha.

Nieleze hilo nyumbani? Nimwambie mke wangu ugonjwa wangu ni ule usioonekana kwenye picha?

Kanipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo, dada wa watu, chumba kimejaa akina mama waliojifungua, mimi peke yangu mwanaume na koti la kampuni. Nilidhani ananichekesha. Akanifundisha kupumua kwa tumbo na kuiachia misuli ya chini, si kuibana. Kumbe mazoezi ya kubana ambayo kijana mmoja wa stendi alinionyesha kwenye simu, eti ya nguvu, kwangu mimi yalikuwa yanaongeza ubaya. Akaniambia chooni nichuchumae au niweke kigoda chini ya miguu, nisikamue, nikojoe bila kusukuma. Ninywe maji kidogo kidogo siku nzima, si kukauka mchana na kujaza usiku. Niseme ukweli, baada ya wiki kadhaa maumivu ya kukaa yamepungua. Hayajaisha. Yamepungua.

Na chakula. Kasema nipunguze kwa muda vitunguu, maharage, maziwa, ngano, niangalie kipi kinanijaza gesi, kisha nirudishe kimoja kimoja. Mimi ndiye ninayeleta gunia la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, nyumba nzima inanuka vitunguu. Niliposema leo sili maharage, mke wangu alisukuma sahani. "Sasa hata chakula changu?" Huko nako akataja Mbeya. Mbeya imeingiaje kwenye maharage?

Dawa aliyoandika yule daktari kijana ni amitriptilini, kidonge kidogo usiku. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, ni dawa ya watu wenye sonona. Nilirudi kumwuliza, akasema dozi kubwa ndiyo ya huko, hii ndogo ni ya kutuliza mishipa ya maumivu. Akanionya inaleta usingizi, nianze siku nisizoendesha na nisishike usukani mpaka nijue inanifanyaje, na mkojo ukigoma kabisa niwahi hospitali. Mimi nina roho za watu nyuma, Anti. Nimeificha kabatini chini ya makaratasi ya gari, sijaanza. Si kwamba naogopa usingizi tu. Mke wangu akiikuta ataniuliza ni ya nini, nikimwambia atasema kumbe ni kichaa, na kama si kichaa basi ni malaya. Achague moja.

Sikuandiki kuomba ushauri wa ndoa, hilo naliweza. Ninachotaka ni kujua kama kuna wanaume wengine wamepona hii hali na walitumia nini. Na kama ni sawa kuomba tajiri anihamishie njia fupi, ya Morogoro labda, ingawa posho yake haifiki nusu na ada ya Januari sijui nitailipa na nini. Sitaki kuacha njia. Nimechoka nayo lakini sitaki.

Yule daktari amesema kliniki ijayo nije na mke wangu, yeye mwenyewe amweleze kwamba huu si ugonjwa wa zinaa na wala hauambukizwi. Ni Alhamisi. Sijamwambia mke wangu. Nikimpeleka, na akakaa pale akarudia maneno yale mbele ya daktari mwanaume mwenzangu, mimi sitarudi tena kliniki ile, najijua. Nisipompeleka, ataendelea kulala na watoto. Shemeji ndiye anayenishauri nimpeleke, yeye naye awepo, kwa kuwa alikuwepo siku ile. Sijui ananitakia mema au anataka kushuhudia tena. Nimpeleke? Na kama nikimpeleka, nimwombe kwanza afute kauli, au niache daktari aseme na mimi nikae kimya kama siku ile?

Jina usiweke. Mke wangu ni msomaji wako wa siku nyingi, ndiye aliyenionyesha ukurasa huu. Kama barua ni ndefu punguza hayo ya choo, lakini pale pa chumba cha Mbeya na vitanda viwili usiguse.

Dereva, Dar es Salaam